Mwalimu Mwanafunzi na Fimbo Isiyo Yake

KILA mwaka, vyuo vinapofunga na walimu wanafunzi kupelekwa mashuleni kwa mafunzo ya vitendo, sisi wakazi wa Kwa Mathias, Kibaha, huwapokea vijana wachache katika safu zetu za sala. Hupanga chumba kwa miezi miwili, hufundisha mchana, na jioni tunakutana nao msikitini.

Mmoja wao alibaki baada ya Isha, uso umemwinamia. Alikuwa amepewa Kidato cha Pili, wanafunzi zaidi ya sabini, somo la Historia. Akigeukia ubao, darasa linaguna. Akigeuka kuwatazama, kila mmoja yuko kimya kama aliyemwagiwa maji. Walikuwa wamempa jina: "mwalimu wa wiki nane". Wenzake ofisini walimshauri kwamba bila fimbo angekaliwa kichwani. Siku hiyo alikuwa amekwisha kata fimbo ya mpera, ila moyo ulisita. Akatuuliza: je, ninayo haki?

Ndugu wasomaji, nasi tuliwahi kusimama mbele ya darasa tungali wanafunzi wa chuo, na tunajua magoti yanavyolegea. Kwa hiyo hatukumlaumu. Tulimjibu kwa mambo matatu.

Kwanza, sheria

Kanuni za adhabu ya viboko zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 hazimpi fimbo kila anayeshika chaki. Anayeruhusiwa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi 4, kosa liwe zito, na adhabu iandikwe kitabuni. Kijana aliyekuja kujifunza kazi, asiye na idhini hiyo, akimpiga mtoto, amevunja sheria.

Tulimkumbusha yaliyotokea Mbeya mwaka 2016. Walimu waliokuwa katika mafunzo ya vitendo walimshambulia mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ndani ya ofisi ya walimu, na picha za video zikaenea nchi nzima mwezi Oktoba. Serikali ikatangaza kwamba wamefukuzwa vyuoni. Miaka ya masomo, ada za wazazi na matumaini ya ukoo viliteketea kwa hasira ya dakika chache, na mtoto wa watu akabaki na maumivu na fedheha.

Pili, dini

Imepokewa na Imam Muslim kwamba sahaba Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (RA) alizungumza ndani ya sala kwa kutojua. Watu walimkodolea macho na kupiga mapaja yao ili anyamaze. Mtume (SAW) alipomaliza kusali, hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana, bali alimweleza kwamba sala si mahali pa maneno ya watu. Sahaba yule alishuhudia kwamba hakupata kumwona mwalimu bora kuliko huyo, kabla yake wala baada yake.

Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, alionya zaidi ya miaka 600 iliyopita kwamba mwanafunzi anayelelewa kwa ukali hunyong'onyea, huwa mvivu, na hujifunza uongo na hila ili kuukwepa mkono wa mkubwa wake. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe ni mwongo na ajiulize uongo huo ulisomewa wapi.

Tatu, kazi yenyewe

Darasa humjaribu mwalimu mgeni kwa sababu linajua ataondoka. Heshima yake haitoki kwenye fimbo, hutoka kwenye maandalizi. Tulimshauri aingie na andalio la somo lililokamilika, na zoezi fupi liwe ubaoni mapema, kwani dakika 5 za kwanza zikikosa kazi, fujo huzijaza. Ajifunze majina yao, maana anayeitwa kwa jina lake hawezi kujificha ndani ya kundi. Aweke kanuni chache na azishike kila siku. Kelele zikizuka, anyamaze na kusubiri badala ya kushindana nazo kwa sauti. Mkorofi azungumze naye faraghani, asimvunjie uso mbele ya wenziwe. Likimshinda, mwalimu mwenyeji wa somo yupo. Kuomba msaada si aibu.

Wiki ya tatu alirudi na habari. Kinara wa miguno alikuwa akianza vituko kila mara zamu yake ya kusoma kwa sauti ilipokaribia. Alipoitwa pembeni, alikiri kwamba Kiingereza cha kitabu hakimwingii. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na tangu Kidato cha Kwanza anasoma akiwa gizani. Fujo ilikuwa pazia la kuficha aibu yake. Laiti angechapwa, pazia lingezidi kuwa zito.

Mwalimu akaanza kuandika maneno magumu ubaoni na kuyaeleza kabla ya kusoma, akaacha kumshtukiza yeyote asome, na kijana yule akapewa kazi ya kukusanya madaftari. Darasa halikugeuka kuwa la malaika. Miguno ilipungua tu, na siku nyingine ilirudi. Lakini fimbo ya mpera haikuingia darasani.

Nasi wazazi je?

Wapo miongoni mwetu ambao bado humwambia mwalimu, "Nyama yako, mifupa yangu," wakidhani wamemtukuza. Kumbe wamemtwika kijana wa miaka ishirini na kitu mzigo ambao wao wenyewe wameutua. Mtoto ni amana ya Allah (SW) kwetu, nyama na mifupa pia.

Basi vijana hawa watakapokuja tena, tuwaulize watoto wetu jina la mwalimu mpya, na tusicheke wanapomwiga mezani. Tuyafungue madaftari yao. Tufike shuleni kabla hatujaitwa. Tuwakaribishe vijana hao futari au chakula cha jioni, kwani mgeni anayefahamika mtaani hadharauliwi darasani.

Tunamwomba Allah awape walimu wetu subira, watoto wetu adabu, na sisi wazazi hima ya kutimiza wajibu wetu. Amin.