Usimikaji wa Chifu wa Wahehe na Madaraka ya Umma

Katika mafunzo ya makada mkoani Iringa swali moja hurudi: je, mwanachama anayehudhuria sherehe za Kalenga anarudisha ukabaila? Swali hili halijibiwi kwa kutazama ngoma, mkuki na ngao. Lazima tuulize nani anatoza kodi, nani anagawa ardhi, nani anahukumu.

Chini ya Waingereza chifu alifanya kazi hizo kwa niaba ya mkoloni. Hata fuvu la Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asitekwe na Wajerumani, lilirudishwa Kalenga na Gavana Twining tarehe 19 Juni 1954. Mkoloni akajitafutia sifa kwa shujaa aliyepinga ukoloni! Siku 18 baadaye TANU ilizaliwa.

Mwaka 1963 sheria iliondoa madaraka ya machifu. Chifu Adam Sapi Mkwawa mwenyewe alikuwa Spika, na kiti hicho alipewa na Bunge, si na ukoo. Mwaka 2015, alipofariki mwanawe, Chifu Abdul, aliyesimikwa alikuwa mjukuu, kijana wa shule. Watu walimshangilia, nao ni haki yao. Lakini mgogoro wa shamba uliendelea kupelekwa kwenye baraza la kijiji.

Hatari tunaiona kwingine: kwa mgombea anayevaa mgolole siku ya kampeni tu, akaomba kura kwa jina la ukoo. Huyo ndiye wa kuhojiwa kwenye mkutano wa tawi, kabla ya mzee anayetambika kaburini.