Nyumba ya Mawe ya Lamu: Usanifu Wake na Hazina ya Msamiati

Mji Mkongwe wa Lamu ulitiwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Ulimwengu mwaka wa 2001. Miongoni mwa majengo yake ni nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na kufunguliwa kwa wageni. Makala haya yanaeleza usanifu wa nyumba hiyo na kubainisha kwa nini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana budi kuufahamu.

Nyumba za aina hii zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizoamua umbo la vyumba: kwa kuwa hazikuweza kuvuka nafasi inayozidi takriban mita 3, vyumba vikawa vyembamba na virefu.

Mgeni hupokewa kwenye daka, ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe. Kutoka hapo hupita tekani, ambapo njia hupinda ili mpita njia asione ndani. Hufuata kiwanda, ua lisilo paa liletalo mwanga na hewa; kisha msana wa tini, msana wa yuu, na hatimaye ndani, chumba cha wenye nyumba. Kadiri mtu aendeleavyo, ndivyo faragha izidivyo. Humo ukutani mna zidaka, yaani vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, vilivyopambwa kwa sahani za kauri kutoka Uchina.

Maelezo haya yana faida kubwa kwa msomaji wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaosawiri magofu ya Pate. Mshairi anataja madaka ambamo ndege wamelala. Msomaji ajuaye daka la mlangoni pekee atadhani ni kumbi. Aliyeiona nyumba atatambua kuwa ni vishubaka vya sahani, na kwamba makiwa yamefika hadi chumba cha siri kuliko vyote. Uzito wa taswira umo katika tofauti hiyo.

Leo nyumba nyingi mpya hujengwa kwa saruji na vyuma, bila msana wala zidaka. Kuta kongwe zina sheria ya kuzilinda. Maneno yaliyozaliwa humo hayana mlinzi ila wanaoyatumia na wanaoyafunza.