Uimara na Ukinzani wa Ulikaji katika Zana za Kabidi ya Tungsteni

Zana za kabidi ya tungsteni hukata chuma katika mashine za kukereza na hutoboa miamba migodini. Nyenzo hii, iliyobuniwa nchini Ujerumani na Karl Schröter mwanzoni mwa miaka ya 1920, ni chembe ngumu za kabidi zilizoshikamanishwa kwa kobalti. Unga wa viambato hivyo husagwa pamoja, hushindiliwa, kisha huchomwa tanuruni kwa takribani nyuzijoto 1,400 za Selsiasi.

Makala haya yanafafanua tatizo lake la msingi: sifa moja hupatikana kwa kuipunguza nyingine. Kobalti ikiongezwa, zana huhimili mapigo lakini hulika upesi. Ikipunguzwa, hukinza ulikaji lakini huvunjika kwa urahisi. Kwa hiyo ncha nyingi za kukereza huwa na kobalti ya takribani asilimia 6, ilhali zana za mapigo makali huweza kufikia asilimia 15 au zaidi.

Njia nne hupunguza mvutano huo. Kwanza, hutumika chembe za kabidi zilizo chini ya mikromita 1. Kiasi kidogo cha kabidi ya vanadi au ya kromi huzizuia kukua tanuruni. Pili, kaboni hudhibitiwa: ikipungua, hutokea msombo mwepesi kuvunjika, ikizidi, hubaki grafiti inayodhoofisha zana. Tatu, gesi ya shinikizo kubwa huziba vitundu ambamo nyufa huanzia. Nne, uso hufunikwa kwa tabaka jembamba la nitridi ya titani au oksidi ya alumini, kiini kikabaki na uhimili huku uso ukikinza joto na msuguano.

Kwa nchi za Maziwa Makuu, suala hili si la maabara pekee. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na Rwanda huuza nje wolframiti, madini yanayotoa tungsteni. Hata zana zilizolika zina viambato hivyo: zinki iliyoyeyuka huungana na kobalti na kuitengua zana, kisha zinki huondolewa kwa joto na kubakiza unga unaotumika tena. Kwa kuwa unga huo hurithi mchanganyiko wa zana asilia, zana chakavu zisizochambuliwa kwa aina hupoteza uwiano wa kobalti na ukubwa wa chembe. Sera ya urejelezaji, basi, ianzie katika ukusanyaji na uchambuzi karakanani na migodini, kabla ya ujenzi wa kiwanda.