Mashua Nayo Huota Magugu

Wewe mkulima unayajua magugu. Ukiacha shamba wiki tatu bila palizi, magugu hukua na mazao hudhoofika. Mashua nayo huota magugu. Huota upande wa chini, ndani ya maji, mahali ambapo macho hayafiki.

Mimi ni bwana shamba, si fundi wa vyombo. Lakini katika vijiji vya pwani bwana shamba huulizwa kila kitu. Miaka michache iliyopita, wavuvi wa kikundi kimoja upande wa Mkuranga walinipa fedha niwanunulie rangi ya mashua yao. Nilikuwa ninakwenda Dar es Salaam kwa kazi. Nilifika Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi. Muuzaji wa duka moja akanipa makopo mawili. Akasema, "Hii ni ya baharini, mzee." Sikusoma maandishi ya kopo. Mimi, ninayewaambia watu kila siku wasome karatasi ya dawa kabla ya kunyunyiza!

Ilikuwa rangi ya mafuta, ya kupaka milango. Baada ya miezi mitatu mashua ilikuwa nzito kama gogo. Mashine ilikunywa petroli nyingi, na safari ile ile ilichukua muda mrefu zaidi. Tulipoipweleza tukaona chini pamejaa mwani na wadudu wenye maganda makali. Mwenyekiti wa kikundi hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kuliniuma. Ndipo nikaanza kuuliza mafundi na kusoma.

Mambo huenda hivi. Kitu chochote kikikaa baharini, kwanza hupata utelezi. Utelezi huo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Halafu mwani hushika. Halafu huja watoto wa wale wadudu wa maganda. Mtoto huyo huogelea akitafuta mahali pa kukaa. Akipapenda, hujigandisha kichwa chini kwa gundi yake mwenyewe, hujijengea ganda, na hula kwa kutumia miguu. Hahami tena. Yuko pia mdudu atobaye mbao. Watu humwita mnyoo, lakini kwa kweli ni wa ukoo mmoja na chaza. Huyo huimaliza mashua kwa ndani, huku nje ikionekana nzima.

Wazee wetu walijua haya. Walipaka deheni chini ya jahazi, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Mbao za juu walizipaka sifa, mafuta ya papa. Tena maji yalipokupwa waliwasha makuti chini ya chombo ili moto uwaue wadudu. Kazi hiyo ilirudiwa mara kwa mara.

Viwanda vilileta rangi zenye polima. Polima ni chembe ndogo sana zilizoungana kama shanga katika uzi. Plastiki ya ndoo yako ni polima. Polima moja ya rangi hizo huyeyuka polepole katika maji ya chumvi, kama sabuni. Kila ngozi inapoondoka, sumu kidogo hutoka na kumfukuza mdudu. Chombo hubaki laini.

Sumu iliyosifiwa sana ilikuwa ya madini ya bati, iitwayo TBT. Ilifanya kazi vizuri mno. Huko Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza waliona maganda yakivimba na kupotoka, na watoto wa chaza wakifa. Baadhi ya konokono wa kike wa baharini walianza kuota viungo vya kiume. Mwaka 1982 Ufaransa iliizuia rangi hiyo kwa vyombo vidogo. Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana mkataba wa kuikataza, na mkataba ukaanza kutumika mwaka 2008. Kwa hiyo ukiuziwa kopo la zamani kwa bei ya chini, uliza lilitoka wapi. Mama anayeokota chaza ufukweni hapo ni jirani yako.

Rangi nyingi za siku hizi hutumia shaba. Shaba nayo ni sumu, ingawa nafuu kuliko TBT. Usiipake kwenye boti ya alumini, kwa maana italiwa na kutu. Iko pia rangi ya silikoni, isiyo na sumu. Huwa na utelezi, mdudu hapati pa kushika, na chombo kikienda mbio huoshwa na maji. Ni nzuri kwa meli ziendazo kasi. Kwa mashua inayoburutwa mchangani sikushauri, kwa sababu huchubuka upesi, na bei yake ni kubwa.

Je, ngalawa yako inapandishwa pwani kila siku? Usinunue rangi hizi. Jua na kukauka vinatosha kuwaua wengi wa wadudu hao. Rangi ni ya chombo kinacholala majini.

Unapokwangua rangi ya zamani, lowesha kwanza. Ukipiga msasa mkavu utavuta vumbi la sumu. Funga kitambaa puani na mdomoni, vaa glavu. Tandika turubai chini, kusanya maganda yote ya rangi, yasibaki ufukweni. Kopo tupu lisitekewe maji. Na tafadhali, usichanganye dawa ya korosho ndani ya rangi. Nimeombwa dawa hiyo kwa kazi hiyo mara mbili, nikakataa.

Nilirudi Msimbazi, safari hii pamoja na fundi wa kikundi. Tulisoma kopo mpaka muuzaji akachoka nasi. Tulipaka mikono miwili, tukaacha ikauke kama ilivyoandikwa. Sasa kila bamvua wavuvi huipweleza mashua na kuitazama. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa na mwani kidogo tu karibu na usukani, pale ambapo burashi ilipita mara moja.