Kiti cha Kilima Hakina Namba

Uchaguzi wa mabaraza ya vilima unapomalizika, lipo lalamiko moja ambalo askari hulisikia mara nyingi kuliko mengine. Mtu huja akisema kwamba kiti cha upande wao kimechukuliwa. Hasemi kwamba kura zimehesabiwa vibaya, wala kwamba sanduku limeguswa. Asema kwamba kiti kile kilikuwa cha mzee wake, au cha watu wa bonde lao, au cha waliorejea kutoka kambini, na sasa amekikalia mwingine. Lalamiko hili si dogo. Likiachwa bila jibu huzaa chuki kati ya majirani, na chuki hiyo huishia kwenye mipaka ya mashamba, mahali ambapo panga halikosekani.

Jibu lake ni kwamba kilimani hakuna kiti chenye mwenyewe. Lakini jibu fupi halimtuliza aliyeumia, kwa hiyo tumeona vema kulieleza kwa urefu, kwa ajili ya wasomaji wetu wa Ryansoro huko Gitega na wa Muyinga karibu na mpaka wa Kobero.

Katiba ya Burundi yasema kwamba baraza la kilima lina wajumbe 5, nao huchaguliwa moja kwa moja na wakazi. Wagombea hujitokeza kila mtu kwa nafsi yake, bila bendera ya chama. Majina yote huingia katika kapu moja. Kura zikishahesabiwa, watano wa kwanza ndio baraza, na yule aliyepata kura nyingi kuwazidi wote ndiye mkuu wa kilima. Hakuna kiti cha kwanza wala cha tano kinachogombewa peke yake. Kuna orodha moja iliyopangwa kwa wingi wa kura, na chini ya jina la tano umechorwa mstari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kilima kina wagombea 8. Wa kwanza amepata kura 310, wa pili 240, wa tatu 180, wa nne 150, wa tano 121, wa sita 118, na wawili wa mwisho kura chache sana. Yule wa sita amekosa nafasi kwa kura 3. Ni nani aliyemshinda? Watu wa kwao watamwonyesha kidole yule wa tano, kwa kuwa ndiye aliye karibu naye. Kwa kweli hakushindwa na mtu mmoja. Alishindana na wote saba kwa pamoja, na kura ambayo ingemwinua ingeweza kutoka kwa mpiga kura yeyote wa kilima kizima. Kumchukia wa tano ni kuchukia hesabu.

Mbona basi wengi hufikiri kwamba kila kiti kina mashindano yake? Huenda sababu moja ni desturi za zamani za ukoo na mtaa. Sababu nyingine yatoka mbali. Maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi miaka mingi Tanzania walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007, na waliopata uraia hupiga kura huko. Katika majimbo kadhaa ya nchi ile, karatasi ya kura humtaka raia awachague hata majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, na mara nyingi kila jaji ana kiti chake chenye namba.

Jimbo la Washington lina majaji 9 katika mahakama hiyo, kila mmoja kwa muhula wa miaka 6, na viti vimepewa namba kuanzia 1 hadi 9. Oregon ina majaji 7, nako viti ni vya namba. Texas hufanya hivyo pia, tena kwa wagombea wenye vyama. Nevada imechagua herufi badala ya tarakimu. Anayetaka ujaji hana budi kutamka kwanza anataka kiti kipi, kisha hushindana na waliokitaka hicho tu. Akikichagua kiti cha jaji aliyepo, amemkabili mtu huyo ana kwa ana. Asipojitokeza mpinzani, jaji hurudi kitini bila jasho, na jambo hilo hutokea mara nyingi.

Si majimbo yote yafanyayo hivyo. Michigan ina majaji 7 wa muhula wa miaka 8, na viti viwili vinapokuwa wazi kwa pamoja, wagombea wote huwekwa katika orodha moja na wawili wenye kura nyingi huingia. Huo ndio utaratibu unaofanana na wa kilima chetu.

Kila njia ina dawa yake na sumu yake. Kiti chenye namba humpa mpiga kura swali jepesi: je, jaji huyu abaki au aondoke? Uwajibikaji huonekana, kwa maana aliyefanya vibaya hawezi kujificha nyuma ya wenzake. Lakini bahati ya kuchagua kiti huwa kubwa mno. Watu wawili wapendwao wanaweza kugombea kiti kimoja, mmoja akarudi nyumbani, huku mtu dhaifu akipita katika kiti cha jirani kwa kukosa mshindani. Mwaka 1990, huko Washington, wakili asiyejulikana sana aitwaye Charles Johnson alijiandikisha kugombea kiti cha Keith Callow, aliyekuwa Jaji Mkuu wa jimbo. Johnson hakufanya kampeni ya maana. Alishinda. Wengi walieleza kwamba jina lake, ambalo ni la kawaida sana nchini humo, ndilo lililombeba. Baadaye alidumu katika mahakama hiyo kwa miongo kadhaa, kwa hiyo tusiseme kwamba wapiga kura walikosea. Tuseme tu kwamba walichagua bila kumjua.

Sumu ya pili ya viti vyenye namba yatuhusu zaidi sisi tuishio pamoja watu wa asili mbalimbali. Kundi lenye wingi kidogo kuliko wengine, likipiga kura kwa sauti moja, laweza kutwaa kiti cha 1, na cha 2, na cha 3, hata vyote, kwa kuwa katika kila shindano wingi ni uleule. Katika kapu moja, walio wachache wanaweza kuelekeza kura zao kwa mtu mmoja wakampandisha juu ya mstari. Kusini mwa Marekani, raia weusi walilipinga jambo hili mahakamani, wakidai kwamba viti vya namba viliwanyima nguvu hiyo. Anayetamani kilima chake kigawiwe viti, kila bonde kiti chake, alifikirie kwanza hilo: huenda watu wake ndio watakaokosa wote.

Mfano wa karibuni zaidi watoka Mexico. Tarehe 1 Juni 2025 nchi hiyo iliwachagua kwa kura majaji wote 9 wa Mahakama yake ya Juu, wanawake 5 na wanaume 4. Namba zilikuwapo, lakini zilikuwa za wagombea, wala si za viti: mpiga kura aliandika katika karatasi namba za wale aliowataka. Aliyepata kura nyingi kuliko wote, Hugo Aguilar Ortiz, ndiye aliyekuwa rais wa mahakama, kama vile kwetu wa kwanza awavyo mkuu wa kilima. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa takriban 13 kwa mia tu ya walioandikishwa. Karatasi zilikuwa nyingi na majina yalikuwa mageni.

Kwetu majaji wa Mahakama ya Juu hawapigiwi kura. Huteuliwa na Rais kwa utaratibu wa Katiba. Kenya na Tanzania nazo huteua. Hata hivyo raia wa Burundi anayo kura katika mambo ya haki, nayo ipo kilimani. Zamani kazi ya kuamua ilikuwa ya bashingantahe, watu waliochunguzwa kwa miaka mingi na jirani zao, kisha wakala kiapo na kukabidhiwa heshima ya intahe, hawakugombea. Sheria ya tarafa ya mwaka 2005 iliwataja pamoja na baraza la kilima katika kazi ya kusuluhisha ugomvi wa majirani, na marekebisho ya mwaka 2010 hayakuwataja tena. Mwaka 2021 ikapitishwa sheria iliyoleta baraza la wapatanishi wa kilima, wanaoitwa abahuza, nao wakachaguliwa na wakazi mwaka 2022, watu 15 kwa kila kilima. Hao pia hawana viti vya namba.

Tofauti kati ya mabaraza haya mawili huwachanganya wengi. Wale 5 huongoza kilima. Wale 15 hupatanisha. Kesi ya shamba, ya mpaka, ya urithi au ya deni hufikishwa kwa abahuza kwanza. Uzito wa kazi yao umeongezeka tangu muda wa CNTB, tume iliyoshughulikia ardhi na mali nyingine, ulipokoma mwaka 2022. Aliyerejea kutoka Nyarugusu au Nduta na kukuta shamba la baba yake linalimwa na mwingine atawakuta wapatanishi ambao hakuwapigia kura, maana siku ile hakuwapo. Uchungu wake tunauelewa. Lakini anayo haki ya kusikilizwa sawa na aliyekuwapo, na abahuza hawakuchaguliwa kuwatetea waliowapa kura.

Polisi hawana kiti katika baraza lolote kati ya haya. Siku ya kura kazi yetu ni kulinda amani. Hatuhesabu wala hatutangazi. Mwenye shaka juu ya hesabu apeleke malalamiko yake kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, au kwa matawi yake, tena mapema, na aeleze ni kituo gani na ni kosa gani alilolishuhudia. Kusema tu kwamba kiti kilikuwa chetu hakutachunguzwa, kwa sababu sheria haikijui kiti hicho.

Mwenye ugomvi wa ardhi aanze kwa abahuza, na asiporidhika achukue maandishi ya maoni yao aende mahakama ya tarafa, ile tuizoeayo kwa jina la tribunal de résidence. Mauaji, ubakaji, kujeruhi na uchomaji wa nyumba havipatanishwi kilimani hata wahusika wakikubaliana. Hayo yaletwe polisi siku ileile, na ushahidi usiguswe.