Mswada ukitumwa kwenye tume, nani anaufuata?

Kila mara kikao cha Bunge la taifa kinapofunguliwa pale Palais du Peuple, Kinshasa, habari inayofika mashariki kwa njia ya redio ni ile ile: mbunge fulani ameleta pendekezo la sheria, wenzake wamekubali lichunguzwe, na limetumwa kwenye tume. Kisha kimya. Wiki zinapita, kikao kinafungwa, na raia wa Bukavu, Beni, Bunia ao Kalemie hajui tena kama andiko lile liko hai ao lilikwisha kufa.

Ni vizuri kuijua njia hiyo, sababu sheria zinazogusa maisha yetu zote zinapita humo. Zingine zinapita mbio. Zingine zinakaa humo miaka.

Mlango wa kuingilia

Kifungu cha 130 cha Katiba kinatoa haki ya kuleta sheria kwa serikali, kwa kila mbunge na kwa kila seneta. Andiko la serikali linapitishwa kwanza katika baraza la mawaziri. Andiko la mbunge ao la seneta linatumwa kwanza kwa serikali ili ilijue, nayo ina siku 15 za kutoa maoni yake. Siku hizo zikiisha, serikali iwe imejibu ao haikujibu, kazi inaweza kuendelea.

Hapo mwenye pendekezo anasimama mbele ya wenzake wote na kueleza sababu zake. Wabunge wanajadili. Wakiona kwamba andiko linaweza kupokelewa, wanalituma kwenye tume inayohusika. Mambo ya siasa, utawala na sheria yanaenda kwenye tume inayojulikana kwa jina la PAJ. Mambo ya uchumi na feza yanaenda ECOFIN. Kuna pia tume ya ulinzi na usalama, tume ya mazingira, tume ya mambo ya jamii na utamaduni, na zingine.

Kupokelewa si kupitishwa. Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Mwezi wa saba 2021, mbunge Nsingi Pululu aliweka pendekezo lililotokana na wazo la Noël Tshiani, aliyekuwa mgombea uraisi 2018. Lilitaka uraisi wa jamhuri na vyeo vingine vikubwa viachiwe tu mtu aliyezaliwa na baba na mama Wakongomani. Lilipoonekana katika orodha ya kazi za kikao cha mwezi wa tatu 2023, mabishano yaliwaka inchi nzima, na kuna waliodhani kwamba sheria imekwisha kutoka. Haikutoka. Uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili 2023 ulifanyika bila sharti hilo.

Ndani ya tume

Katika tume, wabunge wachache wanasoma andiko kifungu kwa kifungu. Wanaweza kumwita waziri, wataalamu ao mashirika ya raia. Wanaweza kuongeza neno, ao kuondoa neno, na neno moja linaweza kubadilisha maana ya sheria nzima. Kisha wanarudi mbele ya wabunge wote na ripoti, na kura inapigwa.

Baada ya Bunge la taifa kuna Seneti. Katiba, kifungu cha 135, inataka mabaraza yote mawili yapitishe andiko moja, lenye maneno yale yale. Yasipopatana, inaundwa tume ya pamoja yenye idadi sawa ya wabunge na maseneta. Hiyo nayo ikishindwa, Bunge la taifa ndilo lenye neno la mwisho.

Wakati nao ni mfupi. Kikao cha kwanza cha kawaida kinaanza tarehe 15 mwezi wa tatu na kuisha tarehe 15 mwezi wa sita. Cha pili kinaanza tarehe 15 mwezi wa tisa na kuisha tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili, lakini hicho kwa sehemu kubwa ni cha bajeti. Andiko lisilopata nafasi katika miezi hiyo linangojea. Na kama hakuna anayelisukuma, linaweza kungojea sana.

Mifano miwili ya kwetu

Tuangalie sheria ya kulinda wenyeji asilia Wapigme, yaani Watwa wa Kivu na Tanganyika, Wambuti wa Ituri na ndugu zao wa mikoa mingine. Pendekezo la namna hiyo lilikuwa limewekwa tangu 2014, lakini halikufika mwisho. Ilibidi kungojea tarehe 7 mwezi wa nne 2021 ili Bunge la taifa lipitishe andiko. Seneti ililipitisha tarehe 10 mwezi wa sita 2022, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Raisi Félix Tshisekedi aliitangaza tarehe 15 mwezi wa saba 2022, nayo ikawa sheria namba 22/030. Kutoka 2014 hadi hapo ni miaka minane. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekwisha kuingia shule.

Na jambo lenyewe halikuwa dogo. Sheria hii inatambua haki ya Wapigme juu ya ardhi na mapori wanayoishi ndani yake tangu zamani, na inagusa masomo, matunzo ya afya na njia ya kufika mbele ya mahakama. Kwa Watwa waliofukuzwa kutoka mapori ya Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970, kila mwaka andiko lilipokaa Kinshasa ulikuwa mwaka mwingine bila shamba na bila karatasi ya kuonyesha.

Sasa tuangalie mfano wa pili. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi, ule watu wote wanaita état de siège. Kifungu cha 144 cha Katiba kinautolea siku 30 za kwanza, kisha unarefushwa kwa siku 15, kila mara kwa ruhusa ya Bunge na Seneti. Andiko hilo haliwezi kungojea miaka, linapita kwa siku chache. Na Bunge likiwa katika mapumziko, serikali inatumia kibali cha kifungu cha 129 na kurefusha kwa amri yenye nguvu ya sheria.

Inaonekana basi kwamba njia ni moja, lakini mwendo si mmoja. Kinachobadilisha mwendo ni nguvu ya yule anayesukuma nyuma.

Wasio na mbunge

Hapo ndipo swali linakuwa kali kwa watu wa mashariki. Bunge la taifa lina viti 500. Lakini katika uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili 2023, teritwari za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Watu wa huko hawakupata nafasi ya kuchagua mbunge. Maandiko juu ya wakimbizi, ardhi ao usalama yakifika kwenye tume, nani atasema "kwetu hali iko hivi"? Wabunge wa Goma, wa Lubero ao wa Beni wanaweza kuwasemea, lakini kusemewa si sawa na kusema.

Kifungu kinachosahauliwa

Sheria ikikwisha kupita kote, raisi ana siku 15 za kuitangaza, ao za kuomba ijadiliwe tena. Kisha inaandikwa katika gazeti rasmi la serikali, lile Journal officiel, na kama haikusema vingine inaanza kutumika siku 30 baadaye.

Lakini kifungu cha 142 kinaendelea. Kinasema kwamba serikali inapashwa kuieneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu kutangazwa. Lugha hizo ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Hii ni amri ya Katiba, si zawadi. Muulize chifu wa kijiji, askari wa kituo cha polisi ao mwalimu wa shule ya msingi kama alikwisha kuishika mkononi sheria ya 2022 juu ya Wapigme kwa Kiswahili. Jibu lake litakuonyesha safari ya sheria inaishia wapi.

Raia naye hakuachwa mikono mitupu. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya umma, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapashwa kujibu katika miezi mitatu. Barua ya ukurasa mmoja, yenye sahihi za watu wa mtaa, inatosha kuanza. Wakati mbunge anaporudi nyumbani mapumzikoni, aulizwe mambo matatu: andiko lile liko kwenye tume gani, lilipita mara ya mwisho mbele ya nani, na yeye mwenyewe alisema nini siku ile. Akishindwa kujibu la tatu, wapiga kura watakuwa wamekwisha kuelewa kwa nini hayo mawili ya kwanza hayasongi.