Mnara wa Smeaton katika Kipimo Kidogo
Mnara wa taa wa Eddystone, uliojengwa na mhandisi John Smeaton juu ya mwamba wa baharini, kusini ya mji wa Plymouth, Uingereza, baina ya mwaka 1756 na 1759, ulikuwa na kimo cha meta 22 hivi. Katika kipimo cha 1 kwa 72, mfano wake hutimia sentimeta 30.

Njia nyepesi ni kukereza kipande kimoja cha mti, kipana chini na chembamba juu. Njia hiyo hutoa umbo, lakini huficha siri ya jengo: mawe yalichongwa yakaumana kama viungo vya seremala, ili wimbi lisiweze kung'oa hata moja. Kwa hiyo yafaa kukata visahani vya mbao, kimoja kwa kila safu ya mawe, kuchora maungio juu yake, kisha kuvipanga bila gundi, vikishikwa na kijiti cha katikati, ili mtazamaji avifunue.

Mnara wenyewe ulibomolewa katika miaka ya 1880, kwa kuwa mwamba ulikuwa ukiliwa na maji. Sehemu ya juu ilijengwa upya Plymouth. Kisiki kingali baharini. Katika mfano, sehemu hizo mbili huonekana tena pamoja.